Kidude cha Kushikilia Ekseleta

Ghanzi, 9 Aprili 2000

Mjomba Motlhabane,

Mvua iwe nanyi huko Moshupa, ila isiwe kama ile ya Februari iliyobomoa ukuta wa jiko la Mama. Nimesikia uliujenga upya kwa siku mbili na hukutaka hata chai. Asante. Mimi mzima. Nyumba ya serikali inatoa maji siku nne kwa wiki, na yule mwalimu jirani yangu amehamia Maun akaniachia kuku sita wasiotaga. Mama ameniandikia kwamba jiwe la kaburi la Baba tutaliweka tarehe thelathini Septemba, sikukuu ya uhuru, watu wote wakiwa nyumbani, na kwamba ng'ombe ameshachaguliwa, yule dume jekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Miaka kumi na sita mtu amelala bila jiwe, imetosha. Kichwa cha ng'ombe ni chako wewe mjomba, hilo halina mjadala. Nakuomba tu usikimalize peke yako kama ulivyofanya kwenye harusi ya Tiro.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Unajua kazi yangu. Natoa damu ng'ombe wa huku, napanga chupa kwenye boksi la barafu, nazipeleka Kang kwa pikipiki ya idara ili gari la maabara lizichukue. Ni kilomita mia mbili na sitini, lami mpya, imenyooka mpaka unasahau kona inafananaje. Na unajua kwamba tangu yule fahali anibane kwenye zizi la chanjo, mkono wangu wa kulia una chuma ndani. Ekseleta inashikwa kwa mkono huo huo. Nikifika kilomita ya themanini, vidole vinakufa. Nikiiachia, pikipiki inapunguza mwendo. Nikiendelea kushika, machozi yananitoka ndani ya helmeti.

Bosi wangu, Rre Moapare, aliniona nikishuka pale Kang nimeubeba mkono kama mtoto mchanga. Ameniambia wazi: mpaka mwisho wa Agosti nimwonyeshe kwamba safari naimudu, la sivyo pikipiki anapewa Oteng na mimi nakaa ofisini kuandika namba za masikio ya ng'ombe. Mjomba, nitakufa ofisini.

Wale wasafiri wenye pikipiki kubwa wanaopita hapa kwenda Namibia wana kidude kwenye ekseleta. Ukifika mwendo unaoutaka unakibana, ekseleta inabaki hapo hapo, mkono unapumzika. Nimeona aina tatu. Sijui ipi nzuri na ipi itaniua. Wewe unajua vyuma kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nichagulie, au nitengenezee.

Mpwa wako,
Kelebonye

*

Moshupa, 2 Mei 2000

Mpwa wangu Kelebonye,

Barua imefika. Mama yako mzima, goti linamsumbua asubuhi tu. Mtama tumevuna magunia saba. Akina mama wa kanisani wameleta machungwa, na fungu langu nimewapa mbuzi, unajua mimi na machungwa. Mkokoteni wa punda wa mzee Segwagwa nimeumaliza, una magurudumu ya gari dogo na unakwenda vizuri.

Hicho kidude sikuchagulii wala sikutengenezei.

Mashine yenye mwendo hushikwa na mkono wa mtu. Mkono ukichoka, mtu anasimama, anazima, anashuka, anakunywa maji, anaendelea. Ukichoka kabisa, unaacha kazi. Kukaa ofisini si ugonjwa. Hao wazungu unaowaona wanakwenda matembezi, na wakijiua ndugu zao wana pesa ya kuwarudisha kwa ndege. Wewe nani atakurudisha? Mimi? Nimesharudisha jeneza moja katika familia hii na sitarudisha la pili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiniandikie tena habari hiyo.

Mjomba wako,
Motlhabane

*

Ghanzi, 21 Mei 2000

Mjomba,

Salamu zako nimezipata. Kuku wameanza kutaga, mayai mawili kwa wiki. Baridi imeingia. Goti la Mama mwambie alikande kwa mafuta ya ng'ombe yaliyopashwa, si yale ya dukani.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali nilipokukosea. Sikupaona. Nimekuomba kipande cha chuma, hukunijibu kama fundi, ulinijibu kama mtu aliyetukanwa. Geti la kanisa umelitengeneza. Mkokoteni wa Segwagwa umeutengeneza, na huyo mzee alikuita mwizi wa mbuzi mbele ya baraza la chifu. Mpwa wako wa damu, mtoto wa dada yako, anakuomba jambo moja tangu azaliwe, unamwambia kukaa ofisini si ugonjwa.

Na unanifundisha mimi habari za mkono na mashine? Wewe uliendesha gari la reli chini ya ardhi miaka kumi na tisa, huko mgodini Afrika Kusini. Mkono haukuchoka? Au wenu nyinyi wanaume hauchoki? Nimejaribu hilo la kusimama. Nikisimama mara tano barafu inayeyuka, damu inaharibika, Rre Moapare anatikisa kichwa. Ushauri wa kukaa kivulini hauhitaji mjomba, hata mbuzi wanaujua.

Baba angekuwa hai angenitengenezea siku ile ile.

Nakwambia na hili, ili usije ukasema hukuambiwa. Kama mjomba ni jina tu, basi na kichwa cha ng'ombe ni jina tu. Septemba wapo watu wengi pale kijijini wanaojua kula kichwa.

Kelebonye

*

Moshupa, 5 Juni 2000

Kelebonye,

Mama yako mzima.

Kichwa wape mbwa.

Baba yako usimtaje katika jambo hili. Hujui unachokisema.

Motlhabane

*

Ghanzi, 12 Julai 2000

Mjomba,

Usimsomee Mama barua hii. Akiuliza, mwambie mimi mzima, na kuku mmoja ameibiwa na mbweha.

Alhamisi iliyopita nilianguka. Nakueleza jinsi ilivyokuwa kwa sababu nataka ujue, na sitaki unionee huruma.

Kwa kuwa fundi wangu alikataa, nilijitengenezea. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, urefu wa mkono, nikakizungusha kwenye ekseleta mara mbili, nikavuta mpaka mwendo ukafika themanini, nikakifunga kwenye shina la kioo cha pembeni. Kilishika vizuri sana. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana niliweza kuutia mkono mfukoni barabarani. Niliimba, Mjomba. Nilikusimanga kwa sauti, nikasema mzee mjinga, ona, ni mpira tu.

Karibu na kilomita ya mia na hamsini kulikuwa na punda watano wamelala kwenye lami, wanaota joto. Niliwaona kwa mbali, muda ulikuwepo. Nikakimbilia fundo. Fundo lilikuwa limejikaza kwa mtikisiko, na vidole vyangu unavijua. Nilikuwa naliangalia lile fundo, naling'ang'ania, na breki iko hapo hapo chini ya mkono huo huo, sikuikumbuka. Nilipokumbuka kubana klachi kwa mkono wa kushoto, injini ilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, nikatoka nje ya barabara nikaingia mchangani. Goti limechunika mpaka nyama nyeupe. Boksi limepasuka, chupa arobaini na mbili za damu zimemwagika, ng'ombe wa watu watatobolewa upya. Punda hawakuinuka hata.

Niliukata ule mpira kwa kisu cha chanjo kabla watu hawajafika. Rre Moapare anajua niliteleza kwa sababu ya punda, basi. Amesema mwisho wa Agosti uko pale pale.

Umeniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu halijavunjika. Lakini mkuu hakusema neno la kusikilizwa. Ulisema hapana ukafunga mlango, nami nilikuuliza kabisa, ipi nzuri na ipi itaniua. Lile ndilo swali ulilotakiwa kujibu.

Kelebonye

*

Ghanzi, 7 Agosti 2000

Mjomba,

Wiki nne sasa. Mama anaandika kwamba umefunga karakana na unashinda kwenye shamba la mifugo peke yako, chakula anakutumia huli. Anauliza nimekuandikia nini. Nimwambie nini?

K.

*

Moshupa, 20 Agosti 2000

Kelebonye,

Barua hii na kifurushi nampa dereva wa basi, mwana wa Segwagwa, akukabidhi mkononi. Posta siiamini na vitu hivi. Mama yako mzima. Tumepata mvua kidogo ya nje ya msimu, haikufaa kitu.

Sijui kuandika mambo marefu. Vumilia.

Gari la reli la mgodini lina mpini. Dereva anaushika muda wote wa safari. Akiuachia, akizimia, akifa, mpini unarudi wenyewe na gari linasimama. Sisi tuliuita mpini wa marehemu, tulicheka nao. Njia yetu ilikuwa kilomita nne gizani, kwenda na kurudi zamu nzima, na mkono unakufa kama unavyokufa wako. Kwa hiyo kila dereva alikuwa na kipande cha tyubu mfukoni. Unafunga mpini, gari linatambaa lenyewe, wewe mikono iko huru, unavuta sigara, unakula. Msimamizi akitokea unafungua. Hakuna aliyetufundisha, na hakuna asiyejua.

Baba yako alikuwa msaidizi wangu. Ni mimi niliyemwombea ile kazi, dada yangu alinishukuru kwa mbuzi. Kazi yake ilikuwa kutangulia na taa na kufungua mlango wa upepo, ule mlango mkubwa wa chuma unaozuia hewa. Kila siku ulifunguka. Siku ile ulikwama, na gari linamjia. Aligeuka akaniita kwa jina, hakunitukana. Mimi nilikuwa namenya chungwa.

Nililitupa nikashika fundo. Lilikuwa limekaza. Breki ya gurudumu ilikuwa nyuma ya bega langu, ningenyoosha mkono tu. Sikuikumbuka. Niliangalia fundo kama ulivyoliangalia wewe. Nilikuwa na mikono miwili mizima, Kelebonye, na haikuweza kufungua fundo moja.

Kabla watu hawajafika niliukata mpira kwa meno, nikautia mfukoni. Wakubwa waliandika kwamba breki zilikufa. Walinipa karatasi nikatia saini. Nikaja na jeneza, nikamwambia mama yako breki zilikufa. Akanipikia siku hiyo, na amenipikia mpaka leo.

Uliponiandikia mwezi wa nne kwamba unataka kitu cha kushika mashine ili mkono upumzike, nilimwona baba yako kwenye ule mlango. Nikakasirika nawe. Hukuwa na kosa, nilikasirika tu. Halafu ukaandika uliukata mpira kabla watu hawajafika. Hapo niliiweka barua chini nikaenda kwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawaulizi.

Sasa jibu la swali lako. Nimekwenda Gaborone, nimeziona zote tatu.

Ya kwanza ni kipande cha plastiki kinachovaa ekseleta, unakilalia kwa kitako cha kiganja. Haimfungi mtu, ni salama, lakini kazi yote inabaki kwenye kifundo cha mkono na chako ndicho chenye chuma. Haikufai. Ya pili ina skrubu inayouma ekseleta mpaka ukaifungue tena. Muuzaji aliisifia kwamba haitelezi hata kwa nyundo. Nilimwambia aiweke mbali nami. Hiyo ndiyo itakayokuua, ni tyubu iliyovaa nguo za dukani.

Ya tatu ni pete inayokaa mwisho wa usukani. Unaikaza kwa vidole viwili, inasukuma kipande kilaini dhidi ya ekseleta. Inaishinda springi, haimshindi mtoto. Ukitaka kupunguza mwendo hufungui kitu, unazungusha ekseleta tu nayo inatii. Nzuri ni hiyo. Ya dukani ilikuwa na plastiki ndani ambayo mchanga wa huko ungeila mwezi mmoja, kwa hiyo nimetengeneza yako kwa shaba, na ndani nimeweka ngozi ya buti langu la mgodini.

Ifunge pikipiki ikiwa imezimwa. Kaza, halafu urudishe ekseleta kwa vidole viwili vya mkono mbovu. Ikigoma, imekaza mno, legeza. Itumie kwenye lami iliyonyooka tu, usiitumie kwenye mchanga, mvua, karibu na kijiji, wala jua likishuka na mifugo ikitafuta joto la barabara. Mkono usiutie mfukoni. Uweke juu ya paja, karibu. Ngozi ikiingia mchanga uioshe kwa maji, usiipake mafuta. Na kila asubuhi, kabla ya kuondoka, fanya zoezi moja: kaza, funga macho, halafu shika breki. Iwe mkono unaijua breki kabla ya akili.

Ndani ya kifurushi, kwenye kopo la tumbaku, kuna ule mpira. Nimekaa nao miaka kumi na sita. Ufanye utakavyo. Na kichwa cha ng'ombe mpe mtu mwingine, sitadai.

Motlhabane

*

Ghanzi, 10 Septemba 2000

Mjomba,

Basi lilifika tarehe ishirini na tatu. Dereva hajambo, anakusalimu. Kuku wamebaki wanne.

Kidude nimekifunga siku hiyo hiyo, kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha na kazi ni yangu. Tarehe ishirini na tisa nimekwenda Kang na kurudi na Rre Moapare nyuma yangu ndani ya gari. Kinashika, na nikizungusha kinaachia. Nimekijaribu njiani labda mara thelathini, mpaka akanipigia honi akidhani nina wazimu. Mkono ulifika ukiwa mkono. Pikipiki imebaki kwangu.

Lakini kabla hatujaondoka nilimwambia habari ya mpira. Sikulala vizuri tangu nisome barua yako, niliona nimeanza kutembea kwenye njia yako, hatua kwa hatua, hata kisu kabla watu hawajafika. Nikamwambia: sikuteleza, nilifunga ekseleta kwa tyubu, damu ya ng'ombe wa watu ilimwagika kwa sababu yangu. Akanipa onyo la maandishi, limewekwa kwenye faili langu, na wenye ng'ombe nimewafuata mmoja mmoja kuwaomba radhi. Mmoja amenitukana mpaka mke wake akaona aibu. Sikufa.

Sasa wewe. Nina hasira nawe, Mjomba, na usitafute mahali zinapoishia katika barua hii, hapapo. Nina hasira kwa ajili ya chungwa, ingawa chungwa naweza kulielewa, nami niliimba barabarani. Nina hasira zaidi kwa ajili ya karatasi uliyotia saini. Na zaidi ya hiyo kwa ajili ya mwezi wa nne. Ungeniambia mwezi wa nne, nisingekata tyubu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nawe ulikuwa tayari kilio hicho kiwe changu.

Mama sijamwambia. Ameandika anauliza jiwe liandikwe nini, na kama tuweke maneno kuhusu ajali. Nimemjibu asubiri mpaka kaka yake azungumze naye. Basi analisubiri neno kutoka kwako, na tarehe thelathini si mbali.

Mpira nimeurudisha, uko ndani ya bahasha hii. Nimeushika siku moja tu, na ni mzito kuliko pikipiki. Hauwezi kuwa wangu. Utakwenda nao jikoni kwa Mama, kwenye ule ukuta ulioujenga, umwekee mkononi, useme mwenyewe kwa mdomo wako.

Na kichwa cha ng'ombe hakuna mtu mwingine wa kumpa. Ukitaka usitake, mjomba wangu ni wewe. Kila mwaka unaletewa nyumbani kwenye beseni, kimefunikwa kitambaa. Mwaka huu hakiletwi. Kitakaa kwenye chungu, mimi nitakaa pembeni yake, na kila atakayeuliza kwa nini hakiliwi nitamwambia mwenyewe bado yuko jikoni anaongea na dada yake.

Kelebonye